Mianga ya Kaskazini na Giza la Isiolo

Vijana wa Isiolo, kama wenzao wa Mombasa na Lamu, siku hizi huiona kwenye simu mianga ya kaskazini: mapazia ya kijani na mekundu yakichezacheza mbinguni juu ya theluji. Huuliza, mtu aende wapi akaione? Aende Tromsø huko Norwe, au Aislandi, kaskazini ya Ufini, Alaska au Kanada. Tena baina ya Septemba na Machi, kwani kiangazi cha huko usiku hauingii giza. Hata hivyo yawezekana alipe nauli kubwa, akae juma zima, na mawingu yasifunguke.

Isiolo haitaiona. Chembe zirushwazo na jua huongozwa na usumaku wa dunia hadi pande za ncha zake mbili, zikapiga hewa ya juu, kilomita 100 na zaidi, nayo ikang'aa. Na Isiolo haifiki hata digrii moja kutoka ikweta.

Kwetu Waislamu mianga hii si habari ya jana. Ahmad ibn Fadlan, aliyetumwa kutoka Baghdad mwaka 921 kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, alisimulia wekundu kama moto mbinguni, na ndani yake sura za watu na farasi wenye silaha, kundi likilishambulia kundi. Yeye na wenzake wakashikwa na hofu, wakaomba Mungu, wenyeji wakawacheka. Mfalme akamwambia kuwa wazee wao husema hao ni majini, waumini na makafiri, wanapigana. Nampenda msafiri huyu, maana hakuona haya kuandika kwamba alichekwa.

Wenyeji walicheka kwa kuwa mbingu yao waliijua. Je, sisi yetu twaijua?

Nenda Isiolo mwezi wa Februari, usiku usio na mbalamwezi, utoke nje ya mji na mwenyeji wako. Saa 2 usiku Kilimia kimeanza kuteremkia magharibi, na Suheli, nyota ya manahodha wetu, iko kusini yang'aa. Kwenye ikweta nyota za kaskazini na za kusini karibu zote hupita katika mwaka. Mtu wa Tromsø haioni Suheli asilani mpaka asafiri.

Waborana wa huko wana wajuzi wao, ayyaantu, wautazamao mwezi uko ubavuni mwa nyota gani, Kilimia waitacho Busan au Dabarani waiitayo Bakkalcha, wakajua huu ni mwezi upi. Mwaka wao ni wa siku 354, kama wetu wa Hijra. Asmarom Legesse aliieleza hesabu hii kitabuni mwaka 1973, na hadi leo wengi wetu hatuna habari nayo.

Mombasa taa zimekwisha kutuibia nyota. Isiolo nayo ina uwanja wa ndege tangu 2017, lami hadi Moyale, na mpango wa mji wa kitalii huko Kipsing. Mimi sipingi taa. Mama ajifunguaye usiku aitaka. Napinga taa imulikayo juu, isikomfaa mtu. Namibia, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa mwaka 2012 kwa giza lake, na wageni hulipa kulitazama. Kaunti ya Isiolo na iandike sheria yake sasa, kabla nguzo hazijasimikwa: kila taa ya nje ivikwe kofia, imulike chini. Na siku ya kuujadili mpango huo, ayyaantu wawekewe viti barazani.