Kufuli jipya halimtambui mgeni

Mwaka 1993 vita vilipotutoa Burundi na kutufikisha Kigoma, mjomba alibaki nyuma. Kabla ya kuagana, yeye na baba walikubaliana kwamba kila barua ya kweli itataja jina la ng'ombe mmoja wa babu. Siku moja ikaja barua kwa jina la mjomba: rudini, amani imepatikana. Ng'ombe hakutajwa. Baba akaikunja, hatukurudi. Jirani aliyeamini barua kama hiyo hatukumwona tena.

Leo nimerejea nyumbani, nafundisha fizikia. Wanafunzi wananiuliza: Mwalimu, ni kweli siri inayolindwa kwa fizikia ya kwanta haiibiki kamwe?

Ndugu msomaji, wazo lenyewe ni zuri. Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walionyesha jinsi ya kupeana ufunguo wa siri kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Anayezichungulia njiani huzivuruga, na wenyewe hugundua.

Lakini fotoni haijui imepokewa na nani. Adui akikaa katikati na kujifanya mwenzako, utapeana naye ufunguo safi kabisa. Kwa hiyo pande mbili lazima ziwe na njia ya kutambuana tangu mwanzo. Huyo ndiye ng'ombe wa babu.

Pili, vifaa. Mwaka 2010 watafiti wa Norway na Ujerumani walipofusha kwa mwanga mkali vipokezi vya mashine zilizokuwa tayari sokoni. Walionyesha kwamba mwizi angeweza kupata ufunguo wote bila kuacha alama. Fizikia haikukosea, mashine ndiyo iliyokosea.

Tatu, umbali. Katika nyaya za mkongo, baada ya kilomita 100 hubaki takriban fotoni moja kati ya 100. Hivyo huwekwa vituo vya kati, na mwenye kituo huuona ufunguo. Hata setilaiti ya China iliyounganisha Beijing na Vienna mwaka 2017 ilibidi iaminiwe.

Viongozi wetu, muuzaji akibisha hodi na neno "haivunjiki", msikimbilie kusaini. Muulizeni: tutatambuanaje? Vifaa amevikagua nani asiye muuzaji? Vituo vya kati vitashikwa na nani? Akikosa jibu, ikunjeni barua yake kama alivyofanya baba.