Mtoto Anayejijeruhi Asikilizwe



Injili ya Marko, sura ya 5, inatusimulia habari za mtu aliyeishi makaburini, akilia usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Watu walijaribu kumfunga minyororo. Yesu alimuuliza jina lake.

Leo wapo watoto wa miaka 12 au 13 wanaojijeruhi kwa siri. Wataalamu wa afya ya akili wanatueleza kwamba wengi wao hawatafuti kufa. Wanatafuta nafuu ya uchungu wasioweza kuusema. Lakini asiyesaidiwa anaweza kufika pabaya zaidi.

Uchungu huo unatoka wapi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wetu walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu wasichana 3 kati ya 10 ukatili wa kingono. Sisi wa Kagera tuna jeraha jingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa kwetu mwaka 1983, na bibi wengi wakabaki na wajukuu yatima. Yatima alipewa chakula na sare ya shule. Kilio chake mara nyingi hakikupata msikilizaji. Wengine kati yao ndio wazazi wa leo, kuanzia Rubafu hadi Muleba.

Tukigundua mtoto anajijeruhi, tunashika fimbo. Au tunasema ana pepo, basi. Au tunamficha kwa kuogopa aibu na polisi, maana Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Hiyo ndiyo minyororo yetu.

Mzazi, ukiona alama mwilini mwa mwanao, usimpige, usimhubirie. Keti naye, muulize kinachomuuma. Muulize pia kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha mpeleke kituo cha afya, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Sala na tiba havigombani. Na jumuiya ndogondogo ziwasindikize wazazi hao bila kuwasengenya.

Baada ya kumponya mtu yule, Yesu alimtuma arudi nyumbani kwa watu wake. Mtoto wako naye anarudi nyumbani kila jioni. Je, atamkuta nani wa kumsikiliza?

Jumapili njema.