Daktari wa Kuku Si Mtu wa Kuchekwa



Wazee walisema: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea, mwewe humchukua. Sisi wa Butembo na Beni mwewe huyo tunamjua. Jina lake ni kideri, ambacho madaktari hukiita ugonjwa wa Newcastle.

Mtu ameshuka shimoni kutafuta dhahabu. Mkewe amebaki na kuku wanane uani. Kuku hao ndio karo ya mtoto, ndio dawa ya homa, ndio heshima ya mgeni. Asubuhi moja mmoja anahema mdomo wazi, wa pili shingo imepinda, wa tatu anahara kijani. Baada ya siku chache ua ni mtupu. Mama alikwisha kununua vidonge sokoni na kuvisaga katika maji yao. Kuku wamekwenda, na franga nazo zimekwenda.

Kwa nini? Kwa sababu kideri hakina dawa, kina chanjo tu: tone moja jichoni kabla ugonjwa haujaingia, kisha kurudia kila miezi 3 au 4. Lakini kuhara damu kwa vifaranga kuna dawa, na kinga yake ya kwanza ni matandiko makavu. Gumboro nayo huwashika hasa vifaranga wa majuma 3 hadi 6 na kuuharibu uwezo wa mwili kujilinda. Nani atayatenganisha magonjwa haya? Ni yule aliyefundishwa kumpasua kuku aliyekufa na kusoma tumbo, ini na utumbo wake kama karani asomavyo daftari.

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakuzidi makumi machache. Kilio hicho leo hatuwezi kukilia. Tangu mwaka 1989 tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa Butembo, na ndani yake kitivo cha udaktari wa mifugo. Hata hivyo, kwa miaka mingi tumekula mayai yanayopitia Kasindi kutoka Uganda.

Wako wanaomcheka kijana wetu: “Umesoma miaka yote hiyo, kisha unatibu kuku?” Wako na wanafunzi wanaodhani daktari ni wa ng’ombe tu. Tunawajibu wote: ng’ombe ni wa wachache, kuku yu katika kila ua. Vita vimewafukuza watu vijijini na kuwanyang’anya mifugo; jamaa inayoanza upya mjini huanza na kuku.

Basi mafunzo yashuke uani. Mwanafunzi asipewe shahada kabla hajapasua kuku kwa mikono yake na kuchanja mtaa mzima. Ajue kuosha viatu kati ya ua na ua, maana viatu vichafu hutembeza ugonjwa. Ajue kutunza chanjo katika baridi umeme unapokatika. Ajue pia chanjo ya I-2, iliyotokea Australia, inayovumilia joto kuliko nyingine, na ambayo Tanzania na Msumbiji wameitumia vijijini. Tena ajue kutoa habari upesi: mwaka 2017 mafua ya ndege yaliingia Uganda, na mwaka uleule yakaonekana Ituri, jirani zetu.

Na sisi wenyewe? Tusikimbize kuku mgonjwa sokoni ili tuokoe franga kidogo; hivyo ndivyo kideri kinavyosafiri. Mzoga tusiutupe njiani. Aitwe mwanafunzi aupasue. Chupa moja ya chanjo mara nyingi ni ya kuku mia au zaidi, na ikifunguliwa haikai. Mwenye kuku wanane hawezi kuimaliza peke yake. Kwa hiyo kila mtaa ukubaliane siku moja, majirani wachange, vijana wa chuo waje na walimu wao.

Hapo kuku wa maskini atataga, ataangua, na atalea.