Acheni Kutuosha Midomo!

Kuna ugonjwa umetuingia waandishi chipukizi. Eti ukitaka kazi yako ivuke mpaka, kwanza uisafishe: toa lugha ya mtaani, toa matani ya sokoni, weka Kiswahili cha hotuba. Mhariri mmoja alinirudishia mswada wangu akisema wahusika wanaongea kihuni, huko nje hawataeleweka. Mimi ni wa kidato cha nne tu, lakini nasema huo ni uongo mtupu! Ushahidi ninao, na nimeupata kwa Waarmenia.

Mwaka 1871 mjini Tiflis, ambao leo ni Tbilisi, Georgia, ilichezwa tamthilia ya Gabriel Sundukian iitwayo Pepo. Pepo ni mvuvi maskini. Tajiri Zimzimov anakana deni la marehemu baba yake, fedha ambazo zingemwezesha dada mtu kuolewa. Hati ya deni inapopatikana, tajiri anataka yaishe kimyakimya. Pepo anagoma. Kaa na fedha zako, bwana, lakini aibu yako lazima ijulikane!

Sasa sikilizeni. Pepo haongei Kiarmenia cha kanisani wala cha darasani. Anaongea kile cha vichochoro vya Tiflis, kilichojaa maneno ya majirani. Je, alikwama? Wapi! Alichezwa kwa Kigeorgia, na mwaka 1935 akawa filamu ya kwanza ya Kiarmenia yenye sauti. Jumba la michezo la taifa huko Yerevan limepewa jina la Sundukian.

Mtasema huyo ni mmoja. Haya, twendeni Istanbul. Mwaka 1870 Mwarmenia Hagop Vartovian alipewa na serikali ya Waosmani idhini ya miaka 10 kuonyesha michezo kwa Kituruki. Waigizaji wake wengi walikuwa Waarmenia, wakiwamo wanawake, enzi ambazo mwanamke Mwislamu hakuruhusiwa jukwaani. Walichekwa kwa lafudhi yao. Lakini mwaka 1873 walipoigiza Vatan yahut Silistre ya Namık Kemal, watazamaji waliwaka hadi serikali ikamtupa mwandishi uhamishoni Cyprus. Lafudhi hiyohiyo iliyochekwa ndiyo iliyowasha moto.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, tusidanganyike. Kazi haikwami mpakani kwa sababu mhusika anaongea cha kwao. Inakwama pale ambapo mhusika hana jambo la kudai. Mpeni deni lake, kisha mwacheni aseme kwa mdomo wake.

Mswada wangu sibadilishi hata neno.