Anayesema, “Nimesahau”

Wako watu ambao wakikumbushwa machungu ya utotoni hulia kana kwamba ni ya jana, wengine husema, “Nimesahau.” Tusidhani hao wa pili wamepona. Mwaka 1992, huko Marekani, Dozier na Kobak waliwauliza vijana habari za kutengana na wazazi na kukataliwa nao, huku wakipima jinsi ngozi zao zilivyopitisha umeme. Waliozoea kuficha huzuni, ngozi iliwasaliti. Naye Bibi Mary Ainsworth, aliyekaa Uganda mwaka 1954 na 1955, aliona kwamba watoto wachanga wa mama wasikivu hawakulia sana. Basi mwana akiamka kwa ndoto mbaya, tusimwambie, “Nyamaza, mwanamume halii.” Tumpakate, tumsikilize hata amalize.