Kisu kidogo cha kukunja kiingie katika bajeti ya koperative



Kila mara koperative inapopata franga kidogo, ao mradi unapokuja kutuuliza "munahitaji nini?", majibu yetu ni yale yale: mashine ya kusaga, pompe, pikipiki ya kubeba mizigo. Vitu hivyo vina kazi yake, sikatai. Lakini kuna chombo kimoja ambacho hakitajwi katika mikutano yetu: kisu kidogo cha kukunja, kile cha kuweka mfukoni. Maoni yangu ni haya: kabla ya kununua mashine moja kwa watu mia, tuhakikishe kila mwanachama, mwanamke na mwanaume, ana kisu chake mwenyewe.

Najua wengine watacheka. "Kisu kidogo vile itasaidia nini? Masheti inatosha." Ni kweli, bila masheti hakuna shamba katika Tshopo. Ndiyo inafyeka, ndiyo inaangusha mgomba, ndiyo inapasua kuni. Shina gumu la muhogo pia lihitaji masheti ao sekateri. Lakini kuna kazi ambazo masheti inaziharibu, na ndizo kazi zinazoleta franga.

Tuanze na kakao. Pale tunda lilipoota juu ya mti, maua mengine yatatokea pale pale msimu unaofuata. Ukilizungusha tunda kwa mkono mpaka likatike, ao ukilipiga kwa masheti, unajeruhi ile fasi ya maua, na kidonda kile ni mlango wa magonjwa. Kisu kidogo chenye makali kinakata kikonyo tu, na mti unabaki mzima. Ni vile vile kwa kupunguza machipukizi yanayokula nguvu ya mti, na kwa kugrefe michungwa ao kakao. Grefe inataka mkato mmoja, laini, usiochanika. Kwa masheti, usijaribu. Kwa kupasua matunda ya kakao, hapo weka chuma chote chini: tumia rungu la mti, juu ncha ya kisu inaingia ndani na kutoboa punje, na punje iliyotobolewa inashika kuvu.

Kazi ya pili ndiyo inanifanya niandike. Mnunuzi anapofika kijijini, mara nyingi anashika punje za kakao mkononi, anakunja uso, anasema: "Kakao hii si nzuri," kisha anataja bei yake. Sisi tunajibu nini? Tunalalamika tu, juu hatuna ushahidi. Kumbe ushahidi uko ndani ya punje. Chukua punje 100 kutoka mifuko mbalimbali, bila kuchagua, na upasue kila moja kwa urefu. Ikiwa ndani ni rangi ya kahawia na imejaa mipasuko midogo, imechachuka vizuri. Ikiwa ni ya zambarau, siku za kuchachusha hazikutosha. Ikiwa ni ya kijivu kama jiwe na imeshikamana, haikuchachuka kabisa. Ukiona kuvu ao wadudu, hesabu na hizo kando. Andika hesabu kwenye daftari. Viwanda vya nchi za mbali vinapima kakao kwa njia hiyo hiyo, kwa kupasua punje na kuhesabu.

Kazi hiyo inafanyika kwa kisu kidogo na ubao, kwa muda usiofika saa moja. Mkulima aliyepasua punje zake kabla ya mnunuzi kufika anajua anachouza. Akiambiwa kakao ni mbaya, anaweza kusema: "Tuketi, tupasue mia moja pamoja." Na kama kweli zambarau ni nyingi, atajua kwamba msimu ujao aongeze siku za kuchachusha, zifike tano mpaka saba, na asisahau kugeuza. Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kwa kakao, neno hilo ni kweli kabisa.

Kazi ya tatu ni ya kulinda makemba yetu. Kuna ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba, ule wanaita wilti. Kwa Kongo ulionekana mara ya kwanza mwaka 2001, kule Masisi, Kivu ya Kaskazini, na umeenea mashariki. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata unaona ndani ni kahawia na maji ya manjano yanatoka. Wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua. Lakini hata sisi tunaubeba, kwa chuma chetu. Masheti moja inayozunguka katika mashamba ya watu kumi, leo kwa Papa huyu, kesho kwa Mama yule, inaweza kupeleka ugonjwa katika mashamba yote kumi.

Ndiyo maana nasisitiza: kisu cha kila mtu, si kisu cha wote. Chuma kisichoazimwa hakiwezi kuleta ugonjwa wa jirani shambani kwako. Hata hivyo, ukitoka kwenye mgomba unaoshuku, safisha kisu kabla ya kugusa mwingine: sehemu 1 ya Javel katika sehemu 5 za maji. Watu wengi wanapitisha chuma motoni, na kwa masheti ni njia nzuri, lakini kwa kisu kidogo angalia: moto mkali unalegeza chuma na kuunguza mpini. Na lile ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu, usilikate kwa kisu hata kiwe kisafi namna gani. Livunje kwa fimbo yenye panda mara tu vichane vya mwisho vinapotokea.

Sasa, kisu gani? Kuna kimoja kinachojulikana katika nchi nyingi za Afrika, na jina lake limetoka katika pori yetu: Okapi. Mnyama okapi, yule wa pori za Bafwasende na Ituri, alitambuliwa na wataalamu wa Ulaya mwaka 1901. Mwaka 1902, katika mji wa Solingen, Ujerumani, walianza kutengeneza kisu cha kukunja cha bei ndogo cha kuuza katika makoloni ya Afrika, wakakiita jina hilo. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Kule Savoie, Ufaransa, wakulima nao wana chao, Opinel, kilichoanza mwaka 1890. Visu hivi viwili vimepita miaka mia moja, na ukiviangalia utaona sababu: mpini wa mti, chuma cha kawaida chenye kaboni, sehemu chache za kuharibika. Hakuna fundi wa kuita kutoka Kisangani, hakuna pièce ya kungoja miezi sita. Unakinoa mwenyewe kwa jiwe laini.

Sisemi lazima iwe aina hiyo. Sokoni jaribu kilichopo: kifungue na kukifunga mara kumi. Ikiwa chuma kinachezacheza, ao kinajifunga chenyewe ukikisukuma kwa mgongo, kirudishe, kitakukata vidole. Ukikosa kizuri, mfua vyuma wa kijijini anaweza kukufulia kisu kifupi kutoka resoru ya zamani ya gari, na ala yake. Hakitakunjika, lakini kazi kitafanya, na franga zitabaki kijijini.

Chuma cha kaboni kina ubaya wake: kinashika kutu. Utomvu wa ndizi utakifanya cheusi, na weusi huo si ugonjwa, usihangaike nao. Lakini kutu nyekundu inakula. Kila jioni kioshe, kikaushe vizuri, pakaa tone la mafuta ya mawese na ufute. Ukitumia Javel, suuza mara moja, juu Javel inaleta kutu haraka.

Kwa ba mama nina neno la pekee. Katika nyumba nyingi masheti ni moja. Baba akienda nayo ku pori, mama anabaki na kisu cha jikoni kisicho na makali, ao anakata kamba kwa meno. Mboga za kuuza, mifuko ya kufungua, punje za kupasua, mara nyingi ni kazi ya mama. Koperative inayogawa vyombo kwa "kichwa cha familia" peke yake inasahau nusu ya wafanyakazi wake. Daftari la wanachama litumike: jina moja, kisu kimoja.

Kuna pingamizi moja ambalo ninaliheshimu. Tangu Februari 2023, mzozo wa Mbole na Lengola ulipoanza kule Lubunga, watu wameuawa, wengine wamekimbia mashamba. Mtu anaweza kuuliza: ni wakati wa kugawa visu kweli? Kule Afrika ya Kusini na Jamaika pia, kisu cha Okapi kilipata sifa mbaya, juu vijana wa mitaani walikitumia kwa ugomvi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kanuni, iandikwe katika mkutano mkuu: chuma kisizidi urefu wa kidole, namba ya mwanachama ichongwe juu ya mpini, kisu kitoke kwa kazi na kirudi nyumbani, kisiende ku nganda wala mkutanoni, mtoto asipewe kuchezea. Njiani kikae kimefungwa pamoja na vitu vya shamba, na ukiulizwa bariereni, kionyeshe bila kukificha. Anayekitumia kutisha mwenzake anyang'anywe mbele ya wote.

Basi, katika mkutano wenu ujao, kabla ya kufikia ukurasa wa mashine, naomba muulizane maswali matatu. Ni wanachama wangapi wana kisu chao wenyewe chenye makali? Nani kati yetu anaweza kupasua punje 100 na kusoma rangi zake? Masheti ya koperative inasafishwa na nani inapotoka shamba moja kwenda lingine? Majibu yakiwa mabaya, mulizieni bei sokoni ya visu vingi kwa mara moja, kisha mulinganishe na bei ya ile mashine. Naamini mutaona kwamba visu vinaweza kununuliwa kwa michango yenu wenyewe, bila kungoja mradi wowote.