Zimeni kinanda, tumsikie mama

Mtu akifiwa kwenye filamu zetu, kinanda hulia kabla yake. Simu haijafika sikioni, nyuzi za huzuni zimeshaanza, na mtazamaji ameshajua kuna msiba. Mimi nahariri filamu hapa Dar es Salaam, picha na sauti, kwa hiyo mkono unaobandika kile kinanda mara nyingi ni wangu. Nabandika kwa sababu naagizwa. Leo niseme ninachokiona nikiwa mezani: muziki mwingi tunaoumwaga kwenye filamu haukuwekwa kwa ajili ya hisia. Umewekwa kufunika sauti mbovu.

Tuseme mume na mke wanagombana sebuleni, nyumba ya kupanga, Sinza. Tunaanza kumshuti mume huku jenereta la jirani likiunguruma. Tunapogeuza kamera kwa mke, umeme umerudi, jenereta limezimwa, ila sasa kuna bodaboda imesimama dirishani inasubiri abiria. Nikija kuunganisha, kila nikihama kutoka kwa mume kwenda kwa mke ngurumo inakatika, nikirudi kwa mume inaanza tena. Vuuu, kimya, vuuu, kimya. Hakuna mwigizaji atakayekutoa chozi katika hali hiyo. Njia ya mkato ni kutandaza muziki kuanzia neno la kwanza la ugomvi mpaka mlango unapobamizwa. Prodyuza akija kuangalia anasema kipande kimenoga.

Dawa yenyewe si ghali. Kwanza mtu atumwe kwa jirani na hela ya soda, amwombe azime jenereta. Pili, kipande kikishakamilika, kila mtu abaki alipo kwa nusu dakika bila kusema neno, tukirekodi chumba chenyewe: feni, kuku wa uani, mvumo wa barabara kwa mbali. Nusu dakika hiyo ndiyo ninayoipitisha chini ya maungio yote, sikio lisishtuke picha inapobadilika. Nikiiomba watu wanacheka. Safari moja kuna aliyeniuliza tunamwombea marehemu gani.

Kuna filamu moja, jina nitaliacha, ambamo mama amekalia mbuzi uani anakuna nazi. Mtu wa sauti siku hiyo alikuwa hodari kweli. Kwaru, kwaru, kwaru, mwendo uleule wa mikono iliyozoea. Simu inaita, mama anaibana kati ya sikio na bega, anaendelea kukuna. Anaambiwa habari za mwanawe. Mkono unapunguza mwendo, unakwaruza mara moja zaidi, halafu unasimama. Baada ya hapo kuna kuku tu, na mtoto wa nyumba ya pili anayeitwa akaoge.

Nilikipeleka kipande hicho bila muziki. Mwongozaji akanipigia: "Kaka, hapa pamekufa. Watu watadhani spika zao zimeharibika." Nikaweka kinanda. Sasa mbuzi haisikiki vizuri, na inaposimama hakuna anayejua kwamba imesimama.

Sina ugomvi na muziki. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipokuwa anatengeneza filamu ya Psycho, iliyotoka mwaka 1960, alitaka mauaji ya bafuni yaende bila muziki kabisa. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akakitungia kipande kile vilevile, kwa ala za nyuzi peke yake, hakuna ngoma wala tarumbeta, fidla zikipiga mayowe. Hitchcock aliposikia akabadili msimamo. Wengi wanazikumbuka fidla, lakini chini yake kuna maji yanayomwagika na kisu kinachozama mwilini, sauti iliyopatikana kwa kuchomachoma tikiti. Muziki ule ulikuta kazi ya sauti imeshafanyika.

Miaka mitatu baadaye, 1963, Hitchcock akatoa The Birds, filamu ya ndege wanaowashambulia watu wa mji mdogo wa pwani. Humo hakuna muziki wa kusindikiza hata kidogo, na mshauri wa sauti ni Herrmann huyohuyo wa fidla. Vilio na vishindo vya mbawa vilitengenezwa Ujerumani na Oskar Sala, kwa ala ya umeme iitwayo trautonium. Kuna mahali mwanamke amekaa kwenye benchi nje ya shule anavuta sigara. Darasani watoto wanaimba wimbo wa kurudiarudia, usiokwisha. Nyuma yake kunguru wanatua kwenye vyuma vya kuchezea watoto, mmoja, halafu mwingine, halafu hawahesabiki. (Sisi wa Dar tuna sababu zetu wenyewe za kuwaogopa kunguru.) Wimbo wa watoto haujui lolote linaloendelea nje, na hofu yote inatoka hapo. Pangewekwa ngoma za hatari, tungeshtuka kwa kunguru wa kwanza na wengine wote wangekuwa ziada.

Nimeshajibiwa kwamba hadhira yetu imelelewa na filamu za Kihindi na inataka nyimbo. Nami nimelelewa nazo. Sholay ya mwaka 1975 ina nyimbo za R. D. Burman tunazozijua bila kujua maneno yake, na ina ile harmonika ya Amitabh Bachchan jioni ikifika. Lakini jambazi wa filamu hiyo, Gabbar, anapoiangamiza familia ya Thakur, nyimbo hazipo. Kinachobaki masikioni ni bembea inayokwaruza na upepo unaopita uani. Sijakutana na mtu aliyeiona filamu ile akasema pale alidhani spika zimeharibika.

Tatizo ni namna tunavyogawa pesa. Droni inakodiwa siku nzima tuione Dar es Salaam kutoka juu, huku maikrofoni akishikishwa kijana yeyote aliyekosa kazi siku hiyo. Mlipeni mtu wa sauti, na mpelekeni kwenye nyumba kabla ya siku ya kushuti, akae pale asikilize kama kuna gereji, baa au mashine ya kusaga jirani. Akisema hapafai, tafuteni nyumba nyingine, hata kama hiyo ndiyo yenye sofa nzuri.